Wimbo wa kwanza kwenye gitaa la stili

 Huku baridi inaanza kutuachia na boksi zinabebeka kama kawaida. Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza mwenyewe kulikoni, wengine mmemuuliza Dada, na Dada, si mnamjua tena, amewajibu kwamba mdogo wake ni mzima kabisa ila amenunua "meza yenye nyuzi" badala ya kutuma hela ya bati za Mama.

Basi leo nimekuja kujibu mashtaka.

Ni kweli nimenunua, ila si meza. Ni gitaa. Nimelinunua kwa mtu, limeshatumika, dola 900, na hela yenyewe niliichanga kwa ovataimu za usiku ghalani kwa miezi saba. Habari ya bati nitaifikia mwishoni, kwa hiyo Dada, ukimsomea Mama, msomee mpaka chini. Usiishie hapa juu kwenye bei.

Kwanza niwaeleze ni gitaa la namna gani, maana mkisikia gitaa mnamfikiria mtu kasimama na mkanda begani. Hili halivaliwi. Limelala kama ubao wa kupigia pasi, lina miguu minne, wewe unakaa nyuma yake kwenye stuli. Langu lina nyuzi kumi. Hakuna kukandamiza uzi kwa kidole. Mkono wa kushoto unashika kipande cha chuma cha mviringo, kizito, nacho unakitelezesha juu ya nyuzi. Mkono wa kulia unavaa kucha tatu za bandia, ya dole gumba ni ya plastiki, mbili za vidole ni za bati. Chini kuna pedali tatu za mguu wa kushoto. Mguu wa kulia una pedali yake peke yake, ya kupandisha na kushusha sauti. Na kama hiyo haitoshi, kila goti lina vyuma vyake vya kusukuma, huku na huku.

Mama, wewe utanielewa kuliko hawa wote. Ni cherehani. Mguu unafanya lake, mkono unafanya lake, jicho liko kwenye mstari, na ukiwaza mguu tu, mkono unaharibu kitambaa. Siku ya kwanza nilipokaa pale nilikukumbuka wewe na ile Singer yako, jinsi ulivyokuwa unashona sare za shule huku unatugombeza bila kugeuza kichwa.

Sasa pedali hizi zinafanya nini? Usipokanyaga kitu, baadhi ya nyuzi zikipigwa pamoja zinatoa kodi moja. Siyo kodi ya nyumba, jamani, wala ya TRA. Kodi ya muziki, sauti tatu zinazopatana. Ukikanyaga pedali mbili za kwanza, baadhi ya nyuzi zinavutwa zikaze, sauti zake zinapanda, na kodi inageuka kuwa nyingine bila mkono wa kushoto kusogea hata kidogo. Utamu wake ni kwamba inageuka huku bado inalia. Mwaka 1954 ulivuma wimbo wa Webb Pierce uitwao "Slowly", na ndani yake mpigaji Bud Isaacs alikanyaga pedali wakati nyuzi zinalia. Wapiga stili wa Nashville waliposikia wakaanza kufunga pedali kwenye magitaa yao. Tangu hapo ndiyo ile sauti mnayoijua kwenye nyimbo za Kimarekani za mashambani, sauti kama ya mtu aliyekuwa analia, akameza mate, akaendelea.

Mimi niliisikia kwa karibu mara ya kwanza Jumamosi moja hapa Antioch, upande huu wa Nashville tunakoishi wageni wengi. Nilikuwa natoka kutupa taka. Jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, dereva wa malori mstaafu, alikuwa amefungua mlango wa gereji yake kupata hewa. Nilisimama na ndoo yangu tupu mpaka alipomaliza. Akaniona, akacheka, akaniambia niingie. Mimi nikamwamkia na kumwita Mzee kwa mazoea. Akauliza maana yake, nikamweleza, akalipenda. Mpaka leo ndilo jina lake. Huyo ndiye mwalimu wangu, na malipo yake ni mimi kumkatia majani na kumpikia pilau mara moja kwa mwezi.

Somo la kwanza hatukugusa gitaa. Alinipa karatasi akasema, "Andika nyimbo unazotaka kuanza nazo."

Nikadhani ni swali rahisi. Nikaandika tatu.

Wa kwanza, mnaweza kubahatisha wenyewe. "He'll Have to Go" wa Jim Reeves. Wadogo hamkumbuki, kwa hiyo nirudi nyuma kidogo. Baba alikuwa karani wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 alirudi Moshi kama wengine wengi, na sanduku la nguo, gramafoni, na santuri kama kumi hivi. Nyingi zilikuwa za Jim Reeves. Jumapili baada ya ibada, kabla ndizi hazijaiva, anakaa kwenye kiti chake, anaweka ule wimbo wa mtu anayeongea na mpenzi wake kwa simu, na hakuna anayeruhusiwa kuburuta kiti. Wakati ule nyumba nzima haikuwa na simu, wala jirani. Baba hakujua kwamba yeye mwenyewe atazeeka akiongea na mtoto wake kwa simu tu.

Nilipompigia mwaka 2014 kumwambia nimehamia Nashville, hakuniuliza mshahara wala baridi. Aliuliza, "Ni Nashville ile ya Jim Reeves?" Nikamwambia ndiyo Baba, ni ile ile. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Ndege yake ilianguka huko." Kweli ilianguka huku, tarehe 31 Julai 1964, akiwa anairusha mwenyewe, mvua kubwa ikamkuta karibu na mji. Baba alilisema kama msiba wa juzi.

Basi Mzee akasoma karatasi yangu, akaweka kidole kwenye wimbo huo. "Huu hauna stili," akasema.

Nikabisha. Nikamwambia mimi nimekua na huu wimbo, kuna mahali gitaa linavuta sauti, linalia, ndiyo sababu nimekuja kwako. Hakubishana na mimi. Akauweka. Tukausikiliza mara tatu. Kuna kinanda, kuna besi, kuna waitikiaji nyuma. Stili hakuna. Mzee akanieleza kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 wakubwa wa studio za Nashville walitaka nyimbo hizi zinunuliwe na watu wa mjini pia, wale waliokuwa wanaziona za kishamba. Kwenye rekodi nyingi wakaacha fidla na stili, wakaweka kinanda laini na waimbaji wa kuitikia. Jim Reeves alikuwa mbele kabisa katika mtindo huo. Yaani sauti niliyovuka bahari nikaja kuitafuta ndiyo hasa waliyoiondoa.

Usiku ule nilimwandikia Dada. Nikamuuliza, hivi kwenye ule wimbo wa Baba, lile gitaa linalolia lilikuwa linaingia wapi? Dada akajibu asubuhi, kwa ufupi wake ule: "Gitaa gani? Hiyo ni pua ya Baba."

Nikakaa na simu mkononi. Ni kweli. Baba hakuwa anaimba maneno, Kiingereza cha nyimbo alikuwa anakionea aibu. Alikuwa anavuta sauti kwa pua pale mwimbaji anapopumua, anaunganisha mstari na mstari. Kumbe miaka yote hii nimeibeba pua ya Baba kichwani nikidhani ni ala ya muziki.

Tuendelee na orodha. Wimbo wa pili ulikuwa "Together Again" wa Buck Owens, wa mwaka 1964. Huu stili imo, tena imejaa. Aliyepiga ni Tom Brumley, na wapigaji wa huku wakiutaja wanashusha sauti kidogo kama wanaingia kanisani. Maneno ya wimbo ni ya furaha, watu wamerudiana, lakini gitaa linalia kana kwamba linajua kitu ambacho mwimbaji hakijui. Mzee akaniambia, "Huo ni wimbo wa mwaka wa tatu." Mimi nikaenda kujifunza kwa siri, si mnajua ubishi wa kwetu. Wiki tatu, kila nikitoka zamu ya usiku, navaa spika za masikioni nisiwaamshe watu, nacheza sekunde tano za wimbo, narudia, nacheza, narudia. Mwisho wa wiki tatu nilikuwa na sekunde kumi na moja, na hazikuwa muziki. Zilikuwa kama mtu anayesoma barua kwa lugha asiyoijua, anatamka kila herufi sawasawa na haelewi kitu.

Wa tatu ulikuwa "Steel Guitar Rag", ambao Leon McAuliffe aliurekodi na bendi ya Bob Wills mwaka 1936, kabla ya enzi za pedali hizi. Huo wanafunzi wengi wanaanzishwa nao. Mzee hakuukataa. Mkono wa kulia unafundishika nao vizuri, na unaweza kuupiga bila kukanyaga kitu. Tukaujaribu. Vidole vikaenda, lakini kila nilipokosea sikujua kama nimekosea. Hapo ndipo Mzee aliponisimamisha. "Hukui na huu wimbo," akasema. "Ukiteleza, hakuna kitu ndani yako kinachopiga kelele."

Hilo ndilo somo, ndugu zangu, na ndilo lililonifanya niandike leo. Gitaa la kawaida lina vizuizi vya chuma kwenye shingo. Ukibonyeza popote kati ya vizuizi viwili, sauti inatoka sahihi. Hili la kwangu lina mistari iliyochorwa tu. Chuma unachotelezesha kikiwa milimita mbili nyuma ya mstari, sauti imechacha kama togwa la juzi, na hakuna cha kukuzuia. Mlinzi pekee ni sikio. Na sikio haliwezi kulinda wimbo lisioujua. Kwa hiyo wimbo wa kwanza usiwe ule unaoutamani. Uwe ule ambao mtu akiukosea nyumba ya pili, wewe uliyelala unakunja uso.

Mzee akauliza, "Wimbo gani ungeweza kuuimba ukiwa usingizini?"

Sikufikiri. Nikaanza "Yesu kwetu ni rafiki", kwa Kiswahili, kama ulivyo kwenye Tenzi za Rohoni. Nilipofika mstari wa pili, Mzee akaingia kwa Kiingereza chake cha Tennessee. Maneno tofauti, pumzi zile zile, tukamaliza ubeti pamoja. Akasema, "Huo."

Nikamwambia huo siwezi. Akauliza kwa nini. Sikumjibu siku ile, na ninyi pia sijawahi kuwaambia vizuri, kwa hiyo nitasema mara moja tu.

Baba alipofariki mwaka 2023 sikuja. Niliwaambia wengi wenu kwamba nimekosa tiketi. Haikuwa tiketi. Makaratasi yangu yalikuwa hayajakamilika, na mtu akitoka katika hali ile mlango unaweza kujifunga nyuma yake, na huku nina watoto wawili. Nikachagua. Mama alijua, Dada alijua, wengine niliwadanganya kwa sababu tiketi inasemeka na ile nyingine haisemeki. Naomba mnisamehe kwa uongo huo.

Mazishi niliyaona kwa simu. Kwenu ilikuwa saa nane mchana, huku saa kumi na mbili asubuhi, niko ndani ya gari kwenye maegesho ya kazini. Shemeji alikuwa ameinua simu juu ya vichwa vya watu, Mungu ambariki, mkono wake ulikuwa unatetemeka. Mkaanza kuimba huo wimbo. Ubeti wa kwanza niliusikia wote. Wa pili ulipofika katikati mtandao ukakatika. Nikapiga, nikapiga. Nilipowapata tena mlikuwa mnaweka mashada. Nikafunga gari nikaingia kazini, na mpaka sasa kila nikiusikia wimbo ule unaishia pale pale.

Nilimweleza Mzee wiki iliyofuata. Hakusema pole nyingi, huku hawana hiyo. Alivuta stuli akasema, "Basi tuanzie mwanzo, tutafika pale."

Sasa kwa wale wa kwaya, na yule kijana wa Shangazi aliyeniuliza kuhusu gitaa, niwaeleze tulivyofanya, maana inasaidia kwa chombo chochote.

Kwanza, wimbo unaimbwa kabla haujapigwa. Wiki nzima niliuimba kwa sauti nikiwa nimeshika chuma changu tu hewani. Pili, ukaja uzi mmoja. Tuni yote kwa uzi mmoja, bila pedali, chuma kinatafuta kila noti kwa kuteleza. Hapa ndipo nilipogundua kwamba wimbo wa taratibu una huruma kwa mikono lakini hauna huruma kwa masikio. Wa haraka unaficha. Wa taratibu, noti imekaa pale mbele ya watu sekunde tatu nzima, kama imepotoka kila mtu anaiona.

Tatu, tukaangalia umbo. Wimbo huu una sehemu nne, na ya kwanza, ya pili na ya nne zinakaribia kuwa kitu kimoja. Ya tatu tu ndiyo inakwenda njia yake. Kwa hiyo ukijifunza vipande viwili, umejifunza wote. Hii ni sababu nyingine ya kuchagua tenzi kwa mwanafunzi. Zilitungwa ili watu wasiosomea muziki wazishike haraka.

Nne, pedali. Mzee alinipa wimbo katika ufunguo wa G. Chuma kikiwa mstari wa tatu, bila kukanyaga, hiyo ni G. Papo hapo, kanyaga pedali mbili za kwanza, unapata C. Bado umekanyaga, telezesha mpaka mstari wa tano, unapata D. Ndiyo hizo kodi tatu, na wimbo mzima unakaa humo. Siku ya kwanza niliyokanyaga kwa wakati wake, pale wimbo unapotoka nyumbani kwenda kwenye kodi ya pili, sauti ilipanda taratibu kama mtu anayevuta pumzi puani, na mimi nikanyanyua mkono nikaacha kucheza. Mzee alidhani nimeumia kidole.

Ilikuwa ile pua.

Miezi minne ilipita kabla sijamaliza ubeti bila aibu. Mguu wa kulia ndio ulionisumbua zaidi, nilikuwa naukanyaga kama mashine ya kusaga, sauti inapanda na kushuka ovyo. Na kiganja cha kulia lazima kiguse nyuzi kwa ukingo wake kuzizima kabla ya noti inayofuata, la sivyo kila kitu kinalia pamoja kama watoto wa chekechea.

Katika miezi hiyo nikasoma habari za aliyetunga maneno ya Kiingereza ya wimbo huu, nikashangaa hakuna aliyewahi kuniambia. Aliitwa Joseph Scriven, Mwairishi aliyehamia Kanada. Mwaka 1855 alipata habari kwamba mama yake anaumwa huko Ireland, ng'ambo ya bahari. Akaandika shairi kumfariji. Tuni ilitungwa baadaye, mwaka 1868, na Mmarekani Charles Converse. Yaani wimbo wenyewe, kabla haujawa wa kanisa, ulikuwa wa mtoto aliye mbali kwa mama aliye nyumbani. Mimi nilidhani nimeuchagua kwa sababu ya kodi tatu.

Jumapili moja mwezi uliopita nilimpigia Mama kwa video. Nikaweka simu juu ya kopo la maziwa ya watoto, nikamwambia Mama, kaa, kuna kitu. Dada akamsogezea simu. Nikaanza. Mama akaangalia mikono yangu kwanza, kisha nikaona kichwa kinainama kuangalia chini, anatafuta miguu. Mshonaji ni mshonaji.

Nilipanga nicheze peke yangu yeye asikilize. Hakusikiliza. Kufika noti ya nne kaanza kuimba, kwa mwendo wake, mwendo wa Moshi, ule wa kuvuta mwisho wa mstari mpaka mchungaji akohoe. Na simu nazo zinachelewesha sauti, mnajua. Nikamkimbiza, nikamkosa, nikaacha kumkimbiza. Nikakaa nyuma yake nikawa najaza pale anapopumua. Tukamaliza ubeti wa kwanza. Nikafikiri ataacha. Akaingia wa pili.

Katikati ya wa pili nilikosea. Nilikanyaga pedali moja badala ya mbili, ikatoka sauti mbaya sana, hata mtoto wangu mdogo akageuka. Mama hakusimama. Akaenda nao mpaka mwisho, na mimi nikaenda naye, halafu ukaja wa tatu, wote, na mtandao siku ile haukukatika.

Tukakaa kimya. Nikamsubiri aseme neno. Akajifuta uso kwa kanga, akasogeza simu karibu, akasema, "Cherehani yako inashona. Ila inaruka."

Dada alicheka mpaka akaangusha simu.

Basi huo ndio utetezi wangu. Bati 30 za geji 28 zimeshalipiwa, risiti anayo Shemeji, na fundi anaanza baada ya mvua. Gitaa halikula bati, lilikula usingizi wangu tu.

Mzee ameniuliza wimbo wa pili uwe upi. Nafikiria "Malaika", ule wa Fadhili William, kwa sababu kodi zake ni chache, hauna haraka, na hakuna Mswahili atakayekosa kujua nikiukosea. Kama mna wazo jingine niambieni, ila uwe wimbo ninaoujua usingizini. Wa tatu nimeshauchagua. Nitarudi kwenye ule wa Jim Reeves. Hauna stili, kwa hiyo hakuna atakayesema nimeiga vibaya. Nitaliacha jamaa liongee na simu yake, mimi nitaingia pale tu Baba alipokuwa anaingia.

Msalimieni kila mmoja. Shangazi, dawa za presha usikatize. Na Dada, meza ni hii hii, karibu uje uilie ugali.

Wenu kutoka ughaibuni,
Kaka yenu.